Sifa Inaporudi Tupu: Kusaka Kosa Kati ya Groovy na Hibernate

Chukua mfumo wa chama cha akiba na mikopo. Umeandikwa kwa Java, data inahifadhiwa kupitia Hibernate, na ripoti za kila mwezi zinaandikwa kwa Groovy kwa kuwa ni rahisi kuzibadilisha. Ripoti inatoka, viasi vya mikopo ni sahihi, lakini safu nzima ya majina ya wanachama ina neno null. Ukifungua hifadhidata, majina yapo yote. Wengi hapo huanza kuandika upya hoja za SQL, na mchana mzima unapotea. Mahali pa kuanzia ni ile nukta iliyo kati ya mwanachama na jina.

Katika Java, nukta hiyo husoma uga wenyewe, yaani pale thamani inapokaa. Katika Groovy, mwanachama.jina huita methodi getJina() kama ipo. Ukiandika mwanachama.@jina, unairuka methodi na kwenda moja kwa moja kwenye uga. Tofauti ya herufi moja, na kwa Hibernate ndiyo inayoamua kila kitu.

Uhusiano wa mkopo na mwanachama ukiandikwa LAZY, yaani upakiwe pale tu unapohitajika, haukupi mwanachama halisi. Hibernate hukupa proksi, yaani objekti ya klasi iliyotengenezwa programu ikiwa inaendelea, inayorithi klasi ya Mwanachama huku nyuga zake zikiwa hazijajazwa. Ni sawa na dirisha la karani wa masijala: ukiuliza dirishani, karani huenda kukuletea jalada, lakini ukipenyeza mkono kwenye trei iliyo mbele yake, hukuti kitu. Methodi ndiyo dirisha, uga ndio trei.

Kwa hiyo, kabla ya kuiuliza objekti ina nini, iulize ni nani. Chapisha mkopo.mwanachama.getClass().name. Ukiona HibernateProxy ndani ya jina la klasi, au javassist kwenye matoleo ya zamani, umeshajua unazungumza na nani. Kisha ita getJina() waziwazi. Ikileta jina wakati njia ya uga inaleta null, kosa limepatikana. Kama getJina() nayo inaleta null, angalia iwapo imeandikwa final: proksi haiwezi kuibadilisha methodi ya final, hivyo inasoma nyuga zake yenyewe zilizo tupu, bila kutupa kosa lolote.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili. Uga ukiwa private na hauna methodi ya kuusomea, Groovy huusoma kwenye objekti halisi bila shida, lakini kwenye proksi hutupa MissingPropertyException, kwa kuwa uga wa private haurithiwi. Skripti moja inafanya kazi asubuhi na kugoma jioni, kulingana na njia iliyoileta objekti. Dawa ni kuongeza getJina(). Kama klasi yenyewe ni ya Groovy, ondoa neno private; uga usio na neno la ruhusa hupewa methodi za kusoma na kuandika moja kwa moja.

Sasa tahadhari ninayoiona kubwa kuliko zote. Usichunguze proksi kwa println mkopo.mwanachama. Kuchapisha huita toString(), toString() huamsha proksi, na data hupakiwa hapohapo. Kama kosa lilikuwa LazyInitializationException, linalotokea proksi inapoamshwa sesheni ya Hibernate ikiwa imefungwa, mstari huo ukiwekwa kabla ya sesheni kufungwa unaliponya kosa. Ukiufuta, linarudi. Dibaga nayo hufanya vivyo hivyo inapoonyesha thamani za vigeu. Tumia Hibernate.isInitialized(mkopo.mwanachama), ambayo hujibu bila kupakia chochote, na washa logi ya org.hibernate.SQL kwenye kiwango cha DEBUG ili uone kila hoja inatoka wakati gani.

Logi hiyo itakuonyesha jambo jingine pia. Groovy inakuruhusu kuandika mikopo.mwanachama.jina juu ya orodha nzima na kupata orodha ya majina. Mstari mfupi, mzuri kusoma. Lakini mikopo 200 ya wanachama 200 tofauti inaweza kuzaa hoja 201: moja ya mikopo, na moja kwa kila mwanachama.

Kubadilisha kila uhusiano kuwa EAGER, yaani upakiwe mapema kila mara, kunaficha kosa na kuubebesha mfumo wote mzigo wa ripoti moja. Afadhali hoja ya ripoti yenyewe iseme inachohitaji: select k from Mkopo k join fetch k.mwanachama. Wanachama watakuja pamoja na mikopo katika hoja moja, sesheni ikiwa bado wazi. Kisha andika jaribio linalofunga sesheni kabla ya skripti kusoma jina, liendeshwe kila mara msimbo unapobadilika, maana ripoti inayofuata huenda ikaandikwa na mtu asiyejua kwamba uhusiano huo ni LAZY.