SOMO: KULITUNZA TANGI LA CHOO KATIKA MASHUA YA CHAMA



Chama kinapokusudia kununua mashua ya tanga ya kuchukulia wageni, kamati huuliza kwanza habari za mlingoti, tanga na nanga. Tangi la choo huulizwa mwisho, kama huulizwa. Wazee wetu wa majahazi hawakulihitaji. Kijumba cha mbao kilining'inizwa tezini, na bahari ikapokea. Lakini ghuba zetu sasa zina mashamba ya mwani, wakusanyaji wa chaza, na watoto waogao ufukoni. Uchafu umwagwao na chama kimoja hufika kwenye kamba za mwani za chama kingine, na ndani yake mwaweza kuwamo kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo. Kwa hiyo tangi hili ni jambo la ushirika hasa.

Mwaka mmoja nilikwenda kukagua chama kimoja cha pwani. Mashua yao ilikuwa imelala majuma matatu kwa sababu ya harufu. Nahodha alilaumiwa kwa uchafu, naye alimlaumu fundi. Kamati ilikwisha kuandika muhtasari wa kutoa fedha za akiba ili kununua tangi jipya. Hesabu zilikuwa sahihi, nami nilikaribia kuupitisha. Ndipo baharia mmoja kijana aliponiomba nimfuate mashuani. Alitia kijiti katika tundu la hewa lililo ubavuni, likatoka bonge la udongo: nyigu alikuwa amejenga humo. Tangi lilikuwa zima. Tangu siku hiyo sipitishi ombi la chombo kabla ya kukiona chombo chenyewe.

I. JINSI TANGI LIFANYAVYO KAZI

Pampu ya choo husukuma uchafu hadi tangini. Bomba la pili huutoa nje, na bomba la tatu, jembamba, huingiza hewa. Hili la tatu ndilo lisahauliwalo. Ndani ya tangi mna vijidudu vya namna mbili. Vile vihitajivyo hewa huozesha uchafu pasipo harufu kali. Vile viishivyo pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Hewa ikikosekana, hivi vya pili hutawala. Tena, tundu likiziba wakati tangi linapofyonzwa, tangi laweza kubonyea hata kupasuka.

II. KAZI ZIPASAZO KUFANYWA

1. Tundu la hewa lichunguzwe kila juma na kusafishwa kwa maji. Bomba lake liwe fupi, pana, lisilo na mabonde.

2. Baada ya kutumia choo, pampu ipigwe mpaka uchafu upite bomba lote. Uchafu ulalao bombani hupenyeza harufu katika mpira.

3. Mashua ikikaribia kulala siku nyingi, choo kisafishwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Maji ya bahari yana viumbe vidogo ambavyo hufia bombani na kunuka.

4. Mkojo na maji ya chumvi hujenga ukoko mgumu kama chokaa. Siki ipitishwe polepole mara kwa mara, iachwe kwa muda, kisha isukumwe kwa maji.

5. Dawa ya klorini isitiwe. Huua vijidudu vyema na kudhoofisha mipira ya pampu. Ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu.

6. Kila tangi linapomwagwa, litiwe maji na kufyonzwa tena, hata maji yatoke meupe.

7. Kujua kama bomba limechoka, lifute kwa kitambaa cha maji ya moto, ukinuse. Kikinuka, bomba libadilishwe.

8. Koki za mabomba yatokayo chini ya mkondo wa maji zifungwe watu waondokapo. Mashua huweza kuzama kwa njia ya choo.

III. HESABU YA KATIBU

Tuseme mashua ina wageni 6 na mabaharia 2. Kila mtu hutumia choo mara 3 kwa siku, na kila mara lita 2. Hizo ni lita 48 kwa siku. Tangi ni la lita 100, nalo lisizidi robo tatu, yaani lita 75. Basi safari ya siku moja yatosha. Ya siku mbili, lita 96, haitoshi. Katibu aandike daftarini tarehe ya kumwaga, mahali, na jina la aliyefanya.

IV. MAHALI PA KUMWAGA

Bora ni karo la nchi kavu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, ambao sehemu yake ya maji ya vyoo ilianza kutumika mwaka 2003, hukataza meli kubwa za safari za nje kumwaga uchafu usiosafishwa ndani ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, yaani kilomita 22 hivi. Mashua ndogo si meli hizo, lakini ghuba ya mwani ni ile ile.

V. ONYO

Mtu asitie kichwa wala kuingia ndani ya tangi, wala asiwashe moto karibu nalo. Gesi ile ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu inapokoma si dalili ya usalama. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Ita msaada na ufungue milango yote ipitishe hewa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika chama chenu, nani amekabidhiwa tundu la hewa, na jina lake limeandikwa wapi?
2. Mashua ina watu 10 na tangi la lita 120. Itakaa siku ngapi kabla ya kumwagwa?
3. Ni jirani gani wa ghuba yenu anayepasa kushauriwa kabla ya mahali pa kumwaga kuamuliwa?