Tumbo na Kumbukumbu za Wazee Wetu



Kwetu Palma, mzee akianza kurudia swali lile lile, au akasahau kama ameshasali Adhuhuri, watu husema, "Utu uzima huo." Wengine husema ana jini. Wachache huuliza habari za tumbo lake. Nataka tujifunze kwa nini swali hilo lina maana, na mpaka wake uko wapi.

Ukuta wa utumbo una kazi mbili: kupitisha chakula kiingie katika damu, na kuzuia vijidudu visipite. Utumbo ukiwa na uvimbe wa ndani kwa miaka mingi, ukuta huo hudhoofika. Kemikali za kinga ya mwili huzidi katika damu, na zinaweza kuziamsha seli za ulinzi zilizo ndani ya ubongo. Isitoshe, kuna neva ndefu inayounganisha ubongo na tumbo moja kwa moja. Ndiyo maana wataalamu wanauliza kama uvimbe huo unachangia dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili.

Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti kutoka Taiwan. Watu 1,742 wenye uvimbe sugu wa utumbo walilinganishwa na 17,420 wasio nao, kwa muda wa hadi miaka 16. Dimensia ilionekana kwa asilimia 5.5 ya kundi la kwanza na asilimia 1.4 ya kundi la pili. Tena iliwapata mapema zaidi: wastani wa miaka 76 badala ya 83.

Hata hivyo, mambo mawili kwenda pamoja si dalili kwamba moja limezaa jingine. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia. Yamo shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosikia vizuri, upweke na elimu ndogo. Uvimbe wa utumbo haumo. Basi mwenye tumbo bovu asiambiwe kwamba atapoteza akili.

Sasa turudi kwetu. Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 Palma ikavamiwa. Maelfu ya watu walikimbilia Pemba, Metuge, Montepuez na kwingineko. Penye watu wengi, maji machache na vyoo vichache, matumbo hayapumziki. Kwa wazee wa hali hiyo, yapo mambo mawili yanayotibika ambayo hudhaniwa kuwa ni uzee.

La kwanza: mzee aliyekuwa mzima, akaharisha siku mbili, kisha akaanza kuwachanganya watoto wake. Akili ikivurugika ghafla namna hiyo, mara nyingi mwili umepungukiwa maji na chumvi, au una maambukizi. Apewe maji ya dawa ya kuharisha na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

La pili: upungufu wa vitamini B12. Hii hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na utumbo ukiugua hapo, haiingii. Imo katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Katika muhogo haimo. Mvuvi aliyehamishwa mbali na bahari, akala ugali wa muhogo mtupu miaka kadhaa, anaweza kupungukiwa hata kama utumbo ni mzima. Dalili zake ni kusahau, ganzi miguuni na kuyumba anapotembea. Sindano za vitamini hiyo husaidia sana, hasa zikianzwa mapema.

Ndugu zangu, Qur'an imetufundisha kwamba wapo watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue walichokuwa wakikijua. Imetuamrisha pia upole kwa wazazi waliozeeka. Sehemu ya upole huo ni kumuuliza mzee anakula nini, anakunywa maji gani, anaharisha tangu lini, kabla ya kumwita mganga au kukata tamaa.

Wabillahi tawfiq.