Mguso wa Upole kwa Mtoto Aliyeumizwa

Mtoto wa miaka minne anaitwa achanwe nywele. Mama anapoinua mkono wenye kitana, mtoto anajikunja na kufunika kichwa. Mama hakuwa na nia ya kumpiga, ila mwili wa mtoto unakumbuka kipigo cha zamani, hata kama hawezi kukisimulia.

Hali hiyo huitwa kiwewe. Humpata mtoto aliyepigwa, aliyedhulumiwa kingono, aliyetelekezwa au aliyeshuhudia ghasia. Aliyeumia kabla ya kujua kuzungumza hana maneno ya kueleza yaliyomkuta, hivyo dalili hujitokeza mwilini: kushtukashtuka, kukosa usingizi, kuanza tena kukojoa kitandani, au kukataa kuguswa.

Kwa nini mguso husaidia?

Ngozi yetu ina neva zinazoitikia mguso wa polepole, mkono unapopita kwa kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Mguso kama huo, ukitoka kwa mtu anayeaminika, hutuliza mwili.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa watoto njiti. Mwaka wa 1978 mjini Bogotá, Colombia, Dkt. Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, iitwayo kangaruu, hutumika pia hospitalini hapa Kenya. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa mtoto mwenye kiwewe, utafiti kuhusu tiba ya mguso bado ni mchache. Basi mguso uwe nyongeza tu, usichukue nafasi ya ushauri nasaha wa mtaalamu.

Mzazi au mlezi afanye nini?

1. Omba ruhusa. Muulize, "Nikushike mkono?" Akikataa, acha. Asilazimishwe kumkumbatia mtu yeyote, hata jamaa wa karibu.

2. Anza na mkono au bega. Mweleze unachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

3. Chagua wakati uleule kila siku, kwa mfano anapopakwa mafuta baada ya kuoga. Nenda polepole.

4. Tazama mwili wake. Akikakamaa, akibana pumzi au akigeuza uso, simama hapo hapo. Kukaa kando yake bila kumgusa pia ni msaada.

5. Usimguse ukiwa na hasira. Tulia wewe kwanza.

Yule mtoto wa kitana, kwa mfano, mpe akishike mwenyewe. Akuchane wewe kwanza, kisha muulize kama ni zamu yake. Huenda ikachukua siku nyingi. Mtoto aliyeumizwa na mkono wa mtu anahitaji kujua kwamba neno lake "hapana" sasa linasikika.

Jihadhari

Mtu akijiita mtabibu na kutaka kumkanda mtoto faraghani, kumvua nguo bila sababu ya kitabibu au kumwambia atunze siri, mwondoe mtoto hapo na upige ripoti.

Mtoto akikueleza kwamba amedhulumiwa kingono, msikilize bila kumkemea. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Mpeleke hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate pia dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Wapi pa kupata msaada?

Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwako, afisa wa watoto, au hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Unaweza pia kupiga simu ya watoto nambari 116, bila malipo, saa 24.