Mtandao Upo, Tovuti Haifunguki: Somo Kuhusu Seva ya DNS

Mkazi anayefika stesheneri kulipia ankara au kuomba cheti cha kuzaliwa huweza kuambiwa kuwa mtandao hakuna, ilhali taa za ruta zinawaka na kifurushi hakijaisha. Kabla fundi hajaitwa na kulipwa, ipo sehemu moja inayostahili kukaguliwa kwanza, nayo ni seva ya DNS, yaani ile inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Mtu anapoandika tamisemi.go.tz, kompyuta yake huiuliza seva hiyo jina lile lina namba gani, na ikishajibiwa ndipo safari huanza. Hapo awali majina yote ya mtandao yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa California. Yalipozidi kuongezeka, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 utaratibu wa DNS, unaoigawa kazi hiyo kwa seva nyingi. Kwa kawaida kampuni ya intaneti ndiyo huipa kompyuta anwani ya seva ya kuuliza, kupitia ruta. Seva hiyo ikizimika, barabara hubaki wazi lakini hakuna wa kuonyesha nyumba.

Kipimo chake ni chepesi. Katika Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue dirisha la amri, kisha uandike ping 1.1.1.1. Majibu yakirudi, njia ni nzima. Halafu andika nslookup tamisemi.go.tz. Ikiwa amri ya kwanza ilijibiwa na hii haijibiwi, tatizo huenda liko kwenye seva ya majina. Zikikwama zote mbili, kubadilisha DNS huenda kusisaidie; mwite mtoa huduma.

Ili kubadilisha katika Windows 11, ingia Settings, kisha Network & internet, uchague Wi-Fi au Ethernet unayotumia. Palipoandikwa DNS server assignment bofya Edit, uchague Manual na uwashe IPv4. Nakili kwanza namba ulizozikuta, kama zipo. Seva za umma zinazofahamika ni 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, 1.1.1.1 ya Cloudflare, ya mwaka 2018, na 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo hukataa kutafsiri majina ya tovuti zinazojulikana kuwa hatari. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, hii ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi. Hifadhi, kisha andika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutwe. Wenye Linux watazikuta namba zao katika faili la /etc/resolv.conf, ingawa mara nyingi programu nyingine huliandika upya, hivyo ni heri kubadilisha kwenye mipangilio ya muunganisho.

Kompyuta za ofisi zisiguswe bila afisa TEHAMA: mifumo ya ndani huwa na majina ambayo seva za umma haziyajui kabisa.

Lakini jambo zito zaidi ni nani aliyeziweka namba zilizomo sasa. Programu hasidi iliyoitwa DNSChanger, iliyoanza kusambaa mwaka 2007, iliingia katika kompyuta takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 na kuzielekeza kwenye seva za wahalifu. Mtumiaji aliandika jina sahihi, akafikishwa kwingine. Watuhumiwa 6 walikamatwa Estonia mwezi Novemba 2011, na seva zao zikawekewa mbadala wa muda. Mbadala huo ulipozimwa tarehe 9 Julai 2012, kompyuta ambazo hazikuwa zimesafishwa zilibaki bila wa kuziambia njia.

Programu hiyo iliweza kubadilisha hata namba zilizomo ndani ya ruta, hasa ruta ambayo nywila yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo nywila hiyo ibadilishwe siku ruta inapofungwa. Na kivinjari kikikuonya kuwa cheti cha tovuti si sahihi, ilhali jina umeliandika sawasawa, usibofye kuendelea wala usiingize namba ya siri. Funga ukurasa, kagua tarehe ya kompyuta, kisha namba za DNS katika kompyuta na katika ruta.