SOMO LA AFYA: ALTRASAUNDI NA MSHIPA WA FAHAMU WA USO

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi wa Kibondo na Kasulu, Mkoani Kigoma, wanaifahamu altrasaundi kuwa ni kipimo cha wajawazito. Ni vyema ikaeleweka kwamba mawimbi hayo ya sauti yaweza pia kuonyesha mishipa ya fahamu, ukiwamo wa uso.

Mshipa huo hutoka kwenye ubongo, hupita ndani ya mfupa wa sikio, kisha huchomoza chini ya sikio na kugawanyika matawi 5 yanayoendesha paji, macho, mashavu, mdomo na shingo. Unene wake ni kama milimita 1 tu. Mawimbi ya kupimia tumbo, yaani megahezi 3 hadi 5, hayatoshi kuuonyesha vyema. Huhitajika megahezi 12 au zaidi. Kwa picha hiyo daktari hutambua iwapo mshipa umevimba. Hata hivyo, sehemu iliyomo mfupani haionekani, kwa kuwa mawimbi hayo hayapenyi mfupa.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa macho na mikono hubaki kuwa wa kwanza. Mgonjwa hutakiwa akunje paji na kufumba macho. Paji likishindwa kukunjika upande uliopooza, yaelekea mshipa wenyewe umedhurika. Dawa za kupunguza uvimbe hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Paji likikunjika ilhali mdomo umepinda, kiharusi kishukiwe, na mgonjwa afikishwe hospitali bila kukawia.

Ukoma nao hudhuru tawi la jicho, jicho likashindwa kufumba, likakauka na hatimaye kupofuka. Vilevile huvimbisha mshipa wa fahamu upandao shingoni kuelekea sikioni, hata ukaguswa kwa kidole. Altrasaundi hupima uvimbe huo, lakini baka lisilo na hisia halingoji mashine: dawa mseto za ukoma hutolewa bure, nazo hutumiwa kwa miezi 6 au 12.

Basi mwenye uso uliopinda asidhani amerogwa, wala asisubiri nauli ya kwendea hospitali kubwa. Aanzie zahanati ya karibu siku hiyo hiyo. Jicho lisilofumba likingwe na vumbi la kiangazi, na usiku lifunikwe kwa kitambaa safi.