Dondoo Muhimu: Bunduki ya Kuwindia Nyati

Kinachotangulia kuangaliwa ni kaliba, yaani kipenyo cha mtutu, na kwa mnyama mzito na mkali kama nyati wawindaji wazoefu huihesabu .375 kuwa ndiyo ya chini kabisa. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, hurusha kichwa cha gramu 19 hivi, ambacho ama ni laini na hutanuka kikiingia mwilini, ama ni kigumu na hupenya mfupa bila kubadili umbo. Mwindaji W. D. M. Bell aliangusha tembo wengi kwa bunduki ya kaliba ndogo ya milimita 7, lakini mfano wake haufai kuigwa, kwa kuwa alikuwa na shabaha adimu na aliujua vyema mwili wa tembo. Kitako nacho kilingane na mkono wa mpigaji, maana anayeogopa kishindo cha begani hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi hupotea. Nchini Tanzania, leseni ya silaha na kibali cha kuwinda ni hati mbili tofauti, na zote mbili ni za lazima.