Niwaachie lini wanafunzi wakae na mgonjwa peke yao?

SWALI: Mimi ni mganga katika kituo cha afya, Mabira, wilayani Kyerwa. Chuo kimeniomba nisimamie wanafunzi wa saikolojia tiba wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Niwaachie lini wahudumu peke yao?

JIBU: Usitazame kalenda, mtazame mwanafunzi. Kwanza akae pembeni akuone ukihoji, kisha aongoze yeye wewe ukiwepo. Siku atakapoweza kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua, bila kuzungukazunguka, amekaribia. Wengi hukwama hapo, wakihofu kwamba swali litapanda wazo. Halipandi. Ila jibu likiwa ndiyo, uamuzi ni wako, siku hiyohiyo. Kumbuka pia kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ndiyo maana familia huficha.

Ruhusa ya mgonjwa iombe mwenyewe, mwanafunzi akiwa nje, ili kukataa kuwe rahisi.

Bibi anayezungumza Kinyambo asitafsiriwe na mjukuu wala jirani. Mtafute muuguzi anayebanwa na kiapo cha siri. Na kijijini kuficha jina la mgonjwa kwenye maandishi hakutoshi. “Mwalimu mwenye mapacha” ameshajulikana! Daftari la mwanafunzi lifungiwe kituoni, lisilale alikopanga.

Kila wiki kaa na kila mmoja faraghani, umuulize pia yeye alijisikiaje.

Kama hukusomea saikolojia, kidai chuo mwanasaikolojia wa kushirikiana nawe, anayepatikana kwa simu wakati wote wanafunzi wakiwa kazini, kabla hujawapokea.